Betri za gari la kambi zinavyokufa masika gari likiwa limeegeshwa

Swali: Fundi, shikamoo. Nina Land Cruiser yenye hema juu ya keria, nawakodisha watalii wanaopenda kujiendesha wenyewe. Ina betri mbili: N70 mbele ya kuwashia injini, na N100 nyuma kwa ajili ya friji, taa na inveta ya kuchajia kamera. Juu kuna paneli ya sola. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Juni gari linakaa nyumbani Usa River, chini ya banda la mabati, na kijana wangu huliwasha kila Jumapili dakika kumi. Mwaka jana nilikuta betri zote mbili zimekufa, nikanunua mpya. Mwaka huu hali ni ileile. Fundi wa jirani ameziongeza maji ya betri na kuzichaji, zimekaa siku chache zikaisha tena. Sasa nashauriwa nihamie lithiamu. Je, nizitoe betri ndani ya gari masika ikifika? Nikiziweka kwenye sakafu ya sementi si zitaisha chaji? Na hiyo lithiamu ndiyo dawa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa hasara. Kabla hujatoa fedha nyingine, naomba tuelewane jambo moja. Betri zako hazikuuawa na kukaa. Zilikaa zikiwa hazijajaa, huku kuna vitu ndani ya gari vinazinyonya usiku na mchana. Betri nzima iliyojazwa vizuri na kukatwa isihudumie chochote inamaliza masika yote na bado inapiga stata Juni.

Ndani ya betri ya risasi, aina ambayo Gaston Planté aliitengeneza Ufaransa mwaka 1859 na ambayo kanuni yake haijabadilika, kuna mabamba ya risasi yaliyozama kwenye tindikali. Betri ikitoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba hayo. Ukiichaji mapema, salfeti inarudi kwenye tindikali na mambo yanaendelea. Ukiiacha hivyo kwa wiki kadhaa inakomaa na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haizivunji tena. Ndiyo maana betri zako zilirudi kutoka kwenye chaja zikiwa na volti za kuridhisha, kisha siku chache baadaye hamna kitu. Sehemu ya bamba inayofanya kazi imepungua, kwa hiyo chombo kinajaa haraka na kuisha haraka.

Sasa tuje kwenye zile dakika kumi za Jumapili, maana najua kijana wako anazifanya kwa nia njema na wenye magari wengi wanaziamini. Tuseme traka (kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo), king'ora, kumbukumbu ya redio na kontrola ya sola, ile inayodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, kwa pamoja vinakula miliampea 60. Ni kiasi cha kawaida kabisa kwa gari lililofungwa vifaa hivyo. Kwa siku moja hiyo ni karibu ampea-saa 1.4 (ampea-saa moja ni ampea moja ikitoka kwa saa moja), na kwa wiki ni kama 10. Jumapili injini inawashwa, inaunguruma palepale bila kukanyagwa. Hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba altaneta inasukuma ampea 20 kwenye betri, dakika kumi zinarudisha ampea-saa 3 na kidogo, na hapo bado hatujatoa kile stata ilichokula. Kila wiki unapungukiwa karibu 7. Ukizidisha kwa wiki kumi na moja, N70 yako, ambayo ikiwa mpya na imejaa ina ampea-saa 70, imefika chini kabisa. Na kama ile rile inayounganisha betri mbili inafunga injini ikiwaka, sehemu ya hicho kidogo imeenda nyuma kwenye N100. Kuunguruma huko pia hakuipashi injini vya kutosha, unyevu wa masika unabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi. Mwambie kijana aache. Kama mnataka kuliwasha, basi liendeshwe barabarani saa moja au zaidi, na hata hiyo si badala ya chaja.

Betri ya nyuma nina wasiwasi nayo zaidi, na mshukiwa wangu wa kwanza ni inveta. Inveta iliyoachwa imewashwa bila kuchomekwa chochote bado inakula, nyingi zikiwa karibu nusu ampea au zaidi. Nusu ampea kwa siku ni ampea-saa 12. N100 inaisha ndani ya siku nane au tisa, kabla hata Machi haijaisha. Paneli ya sola juu ya hema haikusaidii hapo, kwa sababu umeiweka chini ya mabati. Haioni jua, na kontrola yake inaendelea kula kidogo kutoka kwenye betri.

Haya ni makadirio. Gari lako lina namba zake, na kuzipata unahitaji malitimita tu, hata ya bei nafuu, mradi iwe na tundu la ampea 10. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, inua boneti, kisha subiri nusu saa, maana vifaa vingine huchukua muda kulala. Chomeka waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Legeza teminali ya hasi ya betri na kuitoa. Ncha nyekundu ya mita iguse teminali uliyoitoa, ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Kwa kuwa umekata na kuunganisha upya, vifaa vitaamka, kwa hiyo subiri tena hadi namba itulie. Ikisoma 0.06 hiyo ni miliampea 60. Ikisoma 0.30 kuna kitu hakijalala. Hapo anza kuchomoa fyuzi mojamoja huku mtu mwingine akitazama mita; ile itakayoishusha namba ndiyo njia ya mwizi wako. Usiwashe injini wala taa kubwa mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaunguza fyuzi yake au mita yenyewe. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukisahau, siku utakayopima volti utakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Kisha rudia zoezi lote kwa betri ya nyuma.

Kuhusu yale maji aliyoongeza fundi wa jirani, nenda kamuulize alimimina kutoka chupa gani. Madukani kuna chupa mbili zinazokaa rafu moja: moja ni tindikali, nyingine ni maji yaliyosafishwa yasiyo na madini, na watu wengine huziita zote maji ya betri. Kinachopotea kwenye betri inayotumika ni maji peke yake. Tindikali haipotei isipokuwa imemwagika. Betri ikiisha chaji, tindikali inakuwa imejificha kwenye mabamba kama salfeti, na ukichaji inarudi. Anayeongeza tindikali kwenye betri iliyoisha anaifanya iwe kali kupita kiasi ikishachajiwa, na mabamba yanaliwa. Kibaya zaidi, haidromita, kifaa cha kupima uzito wa tindikali, itasoma vizuri na kukudanganya kwamba betri imejaa. Kama ndicho kilichofanyika, betri hizo sitaziwekea matumaini. Maji ya bomba na ya kisima nayo hayafai, hasa huku kwetu kuzunguka Meru ambako maji yana floraidi na madini mengine mengi. Nunua yale maji yaliyosafishwa, chupa moja inatosha msimu mzima.

Na wakati wa kuongeza ni baada ya kuchaji. Betri ikichajiwa kimiminika kinapanda. Ukiijaza kwanza kitafurika na kumwaga tindikali juu ya kasha. Ila kama mabamba yameonekana wazi, ongeza kidogo yafunikwe tu, chaji, halafu malizia hadi kwenye alama. Vaa miwani na glavu. Tindikali ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali, usingoje ikuwashe.

Siku chache kabla ya kulipumzisha gari, zijaze betri zote mbili kwa chaja, kila moja peke yake. Safari ya kutoka Serengeti hadi nyumbani, hata iwe ndefu, mara nyingi haimalizii ile sehemu ya mwisho ya chaji, na ndiyo inayochukua saa nyingi kuliko zote. Kwa betri ya risasi ya kawaida yenye vifuniko vya maji, chaja inapaswa kupanda hadi volti 14.4 mpaka 14.8 na kubaki hapo hadi ampea zishuke kabisa. Za kufungwa zina mipaka yake, hasa za jeli, ambazo nyingi hazitaki kuzidi 14.1 hadi 14.4, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye kasha. Ondoa chaja, iache betri usiku kucha, kisha pima asubuhi. Volti 12.6 hadi 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 haina kitu. Ukipima dakika tano baada ya kutoa chaja utaona 13 na zaidi, namba hiyo haina maana yoyote.

Ukiweza kupata haidromita, itumie, kwa sababu inaongea na kila seli, yaani kila chumba cha betri, peke yake. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265. Seli tano zikisoma 1.260 na moja ikasoma 1.200 hata baada ya chaji ndefu, seli hiyo imekwisha na itawavuta wenzake chini. Hapo hakuna unga wala dawa ya chupa itakayokuokoa, na zile zinazouzwa kwa ahadi hizo ninakusihi uziache.

Swali lako la kuzitoa: si lazima. Kinachotakiwa ni kuzikata. Mbele, toa teminali ya hasi. Nyuma, funga swichi kuu ya kukata umeme kama haipo. Ni kifaa kidogo, na hakuna matengenezo ya betri ninayoyapendekeza kwa moyo mmoja kama hayo. Hakikisha inakata kila kitu, inveta ikiwemo, maana mafundi wengi huunganisha inveta moja kwa moja kwenye betri na swichi ikabaki pambo. Ukitoa betri kabisa, anza na hasi, malizia na chanya. Ukirudisha, chanya kwanza. Sababu ni spana. Ukilegeza chanya hasi ikiwa bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu cheche zinaruka na mkono unaungua. Kwa sola, chomoa waya za paneli kwenye kontrola kabla ya waya za betri, na Juni urudishe betri kwanza kisha paneli. Kontrola nyingi zinaharibika kwa kuachiwa paneli pekee bila betri.

Kuna tatizo la traka. Ukikata umeme itanyamaza baada ya betri yake ndogo ya ndani kuisha, na huenda hutaki gari la thamani hiyo likae miezi bila kuonekana. Kwa hali yako ningefanya hivi: ningeweka paneli ndogo ya wati 20 juu ya banda lenyewe, na kontrola yake ndogo, iilishe N70 peke yake. Hata katika siku za mawingu ya Aprili, ukipata jua la saa tatu tu, hiyo ni kama ampea-saa 4 baada ya kutoa upotevu, na traka na wenzake wanakula 1.4. Hutegemei umeme wa nyumba, na huna haja ya kumkumbusha mtu. Usiiunganishe paneli moja kwa moja bila kontrola, hata iwe ndogo, kwa sababu siku za jua kali itachemsha maji yote.

Sementi haimalizi chaji. Hofu hiyo inatoka enzi ambazo makasha ya betri yalikuwa ya mbao au mpira mgumu, yakivuja na kunyonya unyevu. Makasha ya leo ni ya plastiki. Sakafu yenye ubaridi inasaidia hata, kwa sababu joto ndilo linaloharakisha betri kujimaliza yenyewe: kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, kasi hiyo inakaribia kuwa mara mbili. Betri ileile itakaa vizuri zaidi Usa River kuliko Tanga au Dar es Salaam. Weka ubao chini ukipenda, ili tone la tindikali lisiichimbe sakafu. Ninachokuomba kwa msisitizo ni mahali penyewe. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Isiwe chumba cha kulala, isiwe jikoni, isiwe stoo isiyo na dirisha, na isiwe mahali watoto wanafikia.

Video nyingi za mtandaoni kuhusu magari ya kambi zimetengenezwa na watu wa Marekani na Kanada wanaojiandaa na barafu. Kwao betri iliyoisha inaweza kuganda na kupasuka, kwa hiyo wanazungumza sana kuhusu baridi. Chukua kwao utaratibu wa kuchaji na kupima, hofu ya baridi waachie. Sisi tupambane na joto, unyevu na panya. Masika panya wanapenda kujificha kwenye injini iliyotulia, na waya uliotafunwa ngozi ukigusa bodi unaweza kumaliza betri au kuwasha moto. Kila ukienda kupima, chungulia.

Pima mara moja kwa mwezi, baada ya betri kupumzika. Ikisoma 12.4 au chini, ichaji siku hiyohiyo. Betri za kawaida zenye kujazwa maji zinaweza kupoteza asilimia 5 au zaidi kwa mwezi bila kuguswa, kwa hiyo katika kipindi chako pengine utachaji mara moja katikati. Safisha na vichwa: ule ukungu wa kijani na mweupe uondoe kwa maji ya moto yenye magadi soda, vifuniko vikiwa vimefungwa yasiingie ndani, suuza, kausha, funga teminali, halafu paka mafuta ya mgando juu yake.

Lithiamu, sasa. Ni betri nzuri na sikukatazi. Ile ya lithiamu, chuma na fosfeti yenye ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13, chini ya nusu ya ya risasi, na unaweza kutumia asilimia 80 ya chaji yake kila siku bila kuiumiza, wakati ya risasi nisingependa uishushe chini ya nusu. Kwa friji inayofanya kazi Serengeti mchana kutwa, tofauti hiyo utaiona. Lakini inveta iliyoachwa imewashwa itaimaliza lithiamu kama ilivyoimaliza N100. Saketi yake ya ulinzi itakata, na ikikaa miezi ikiwa tupu inaweza isiamke tena, na safari hiyo hasara ni kubwa zaidi. Utahitaji pia chaja ya kati kutoka kwenye altaneta, kwa sababu lithiamu inavuta ampea nyingi na kuichosha altaneta isiyoandaliwa, na kontrola yako ya sola lazima iwe na mpangilio wa lithiamu. Namna ya kuitunza masika ni tofauti: haitaki kukaa imejaa. Iache kwenye nusu ya chaji au zaidi kidogo, kata kila kitu, iangalie baada ya miezi miwili. Na isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Nyingi zinajikinga zenyewe, lakini wateja wako wakilala kambi ya Simba ukingoni mwa Ngorongoro mwezi Julai, baridi ya alfajiri huko inaweza kukaribia kiwango hicho. Ushauri wangu ni uzibe mianya kwanza, msimu mmoja upite ukiwa na betri za risasi, kisha uamue.

Kabla ya kununua nyingine za risasi, hizo ulizonazo zipe nafasi moja ya mwisho. Zichaji polepole kwa ampea chache, saa 24 hadi 48, ukikagua maji na joto la kasha. Ikipata moto wa kushindwa kuweka kiganja, acha. Zikishapumzika usiku mmoja, zipeleke kwa mtu mwenye kipimo cha mzigo. N70 ikipewa mzigo wa nusu ya ampea zake za kuwashia kwa sekunde 15 na volti zikashuka chini ya 9.6, imekwisha. Zikishindwa, zipelekwe zikiwa nzima na tindikali yake ndani kwa mnunuzi wa betri chakavu anayezikusanya kwa utaratibu. Usimruhusu mtu azipasulie uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watoto wakiwemo, na Phyllis Omido aliyewapigania alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015.

Ukinunua ya nyuma, omba betri ya sola iliyotengenezwa kwa kushushwa na kupandishwa kila siku. N100 nyingi zinazouzwa kwa magari ni za kuwashia injini, mabamba yake ni membamba na friji inazichosha mapema. Weka pia kinga ya volti ya friji kwenye ngazi ya juu, izime yenyewe mapema kuliko kuiua betri. Na uende dukani na malitimita yako. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa ina ugonjwa uleule wa zako, hata kama kasha linang'aa. Tazama tarehe iliyogongwa, pima volti mbele ya muuzaji, na ikisoma chini ya 12.4 mwambie akuletee nyingine.